Kuijua Historia ya Ujerumani Ukiwa Berlin: Mwongozo wa Filamu, Maonyesho na Matembezi ya Mjini

Kila mwaka, ndugu na marafiki wanaojiandaa kuja Ujerumani kwa masomo, kwa kazi au kwa kutembelea jamaa huniuliza maswali yaleyale: nianzie wapi, nitenge siku ngapi, nitaelewa nini ikiwa sijui Kijerumani, na kwa nini wengi waliorudi kutoka Berlin wana picha nyingi za lango moja lakini hawana la kusimulia? Nimeandika mwongozo huu ili kuyajibu maswali hayo kwa utaratibu, nikimlenga mtu anayefika Berlin kwa mara ya kwanza na ambaye anataka kuijua historia yenyewe, si kupita tu mbele ya majengo.

Njia ninayoipendekeza ni hii: chukua tukio moja kwa siku moja, lione kwanza katika filamu, kisha katika maonyesho, kisha utembee kwa miguu mahali lilipotokea. Filamu itakupa sura za watu, maonyesho yatakusahihishia yale ambayo filamu imeyatia chumvi, na mtaa utakuonyesha jinsi mlango wa nyumba ulivyokuwa karibu na Ukuta wa Berlin. Ukianza na mtaa kabla ya kujua lolote, utaona nyasi na vyuma vyenye kutu tu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Pasipoti halisi, si nakala yake. Hutaingia Bungeni bila kitambulisho hicho.
- Siku nne kamili. Siku tatu zinatosha kwa shida. Siku mbili hazitoshi.
- Tiketi ya usafiri wa mjini ya kanda A na B. Utahitaji ya kanda A, B na C siku ya kwenda uwanja wa ndege, na pia ukiamua kwenda Oranienburg, mji ulio nje ya Berlin wenye kambi ya Sachsenhausen.
- Filamu moja kwa kila siku, uliyokwisha kuipata mapema ikiwa na tafsiri ya maandishi katika lugha unayoielewa.
- Daftari na kalamu. Simu hupiga picha nyingi ambazo baadaye huzikumbuki zilikuwa za nini.
- Viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako, pamoja na koti la mvua.
- Miaka michache kichwani: 1871 Ujerumani inaungana kuwa dola moja; 1884 mkutano wa kuigawa Afrika unaanza; 1918 ufalme unaanguka; 1933 Hitler anashika madaraka; 1945 vita vinakwisha; 1961 ukuta unaotenganisha Berlin Mashariki na Berlin Magharibi unajengwa; 1989 ukuta unafunguliwa; 1990 nchi inaungana tena.

Kuhusu fedha, usiogope. Sehemu nyingi za kumbukumbu hapa hazitozi kiingilio, na gharama yako kubwa itakuwa nauli na chakula.

Hatua kwa hatua

1. Panga siku zako kwa kufuata matukio, na uangalie Jumatatu. Gawa hivi: siku ya ukuta, siku ya Unazi, siku ya polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, na siku ya ukoloni. Majumba mengi ya makumbusho hufungwa Jumatatu, kwa hiyo siku hiyo iwekee sehemu zinazofunguliwa kila siku, kama vile maonyesho ya Topographie des Terrors kuhusu Unazi na makumbusho ya polisi wa siri yaliyoko Lichtenberg. Jumba la makumbusho la Humboldt Forum hufungwa Jumanne, jambo linalowashangaza waliokwisha kuzoea kwamba Jumatatu ndiyo siku ya kufungwa.

2. Jiandikishe mapema kwa ajili ya kuba la Bunge. Kupanda kwenye kuba la kioo la jengo la Reichstag ni bure, lakini ni lazima ujiandikishe, na njia ya uhakika ni kwenye tovuti ya Bunge, na nafasi huisha haraka wakati wa likizo. Jengo hili liliungua tarehe 27 Februari 1933, na serikali mpya ya Hitler ikautumia moto huo kama sababu ya kuwakamata wapinzani wake; kuba unalolipanda leo ni kazi ya msanifu Norman Foster, na lilifunguliwa mwaka 1999. Saa moja inatosha hapa.

3. Tazama filamu usiku wa kuamkia siku ya tukio. Usitazame filamu zote nne ukiwa nyumbani mwezi mmoja kabla, kwa sababu zitachanganyika. Kwa siku ya ukuta napendekeza *Der Himmel über Berlin* ya Wim Wenders, iliyotengenezwa mwaka 1987 ukuta ukiwa bado umesimama. Ndani yake yupo mzee anayetembea katika uwanja mtupu wenye magugu, akiutafuta Potsdamer Platz anaoukumbuka kwa mikahawa yake, asiuone. Kesho yake simama Potsdamer Platz ya leo, katikati ya majengo marefu na kelele za treni, umkumbuke mzee yule. Ukitaka filamu nyepesi zaidi, *Good Bye, Lenin!* ya mwaka 2003 inamhusu kijana anayemficha mama yake habari kwamba nchi yao, Ujerumani Mashariki, imekwisha.

Ukiamua kutazama filamu katika ukumbi wa sinema mjini, soma herufi zilizo kando ya jina lake. OmU maana yake ni lugha ya asili na maandishi ya Kijerumani; OmeU ni lugha ya asili na maandishi ya Kiingereza. Pasipo na herufi hizo, filamu ya kigeni huwa imeingizwa sauti za Kijerumani, na ya Kijerumani haitakuwa na tafsiri yoyote.

4. Siku ya ukuta: anzia Nordbahnhof, si Checkpoint Charlie. Kibanda cha walinzi utakachokiona Checkpoint Charlie, kituo cha zamani cha kuvukia mpaka, ni cha kuigiza, na umati wa pale hautakuacha ufikiri. Panda S-Bahn, yaani treni ya mjini, ushuke Nordbahnhof, ambako ndani ya kituo kuna maonyesho kuhusu vituo vilivyofungwa kwa miaka 28 huku treni za upande wa Magharibi zikipita bila kusimama. Toka nje uingie Bernauer Straße, ambapo eneo la kumbukumbu lina urefu wa takribani kilomita 1.4.

Tembea polepole hapa. Mtaa huu ulikuwa na jambo la pekee: nyumba za upande mmoja zilikuwa za Mashariki, lakini njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya milango yake ilikuwa ya Magharibi. Tarehe 13 Agosti 1961 mpaka ulipofungwa, mtu aliyekaa ghorofani angeweza kuchungulia dirishani na kuiona nchi nyingine chini ya miguu yake. Milango ikazibwa kwa matofali, kisha madirisha, na watu wakaruka. Ida Siekmann aliruka tarehe 22 Agosti akafa, naye ndiye wa kwanza kuhesabiwa katika orodha ya waliokufa kwenye ukuta ule. Wote pamoja si chini ya 140. Picha zao zimewekwa katika ukuta wa chuma wenye vidirisha, na miongoni mwao kuna watoto. Chini ya mtaa huohuo, mnamo Oktoba 1964, watu 57 walitoroka kupitia handaki moja lililochimbwa kutoka upande wa Magharibi.

Ukifika katikati utaona kanisa dogo la mviringo. Kanisa kubwa lililokuwa mahali hapo lilikwama katika eneo la katikati ya kuta mbili, na mwaka 1985 serikali ya Mashariki ikalilipua. Hili jipya limejengwa kwa udongo ulioshindiliwa, na ndani ya udongo huo wamechanganya vipande vya matofali ya kanisa lililolipuliwa. Ingia, usogee karibu na ukuta, na utaviona vipande hivyo vimenasa kwenye tabaka za udongo, vyekundu na vyenye kona kali. Aliyekulia katika nyumba ya udongo atautambua ubaridi wa humo ndani kabla hajasoma maelezo yoyote.

Malizia kwa kupanda mnara ulioko ng'ambo ya barabara. Kutoka juu ndipo utakapoelewa jambo ambalo filamu nyingi hazilionyeshi vizuri: ukuta haukuwa mmoja. Ulikuwa na kuta mbili, na katikati yake palikuwa na eneo la mchanga, taa na njia ya doria, ambalo mtoro alipaswa kulivuka lote.

5. Siku ya Unazi: fuata mpangilio wa watendaji, kisha wahanga. Usiku uliotangulia tazama *Die Mörder sind unter uns* ya Wolfgang Staudte, filamu ya kwanza kutengenezwa Ujerumani baada ya vita, mwaka 1946, katika vifusi halisi vya Berlin. Ndani yake ofisa wa jeshi aliyeamuru mauaji ya raia anaishi kwa raha, akiwa na kiwanda kinachogeuza kofia za chuma za askari kuwa masufuria. Ishikilie picha hiyo ya sufuria.

Asubuhi nenda Topographie des Terrors, Niederkirchnerstraße, mahali palipokuwa na makao makuu ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, na SS, kikosi chao cha ulinzi na ukandamizaji. Maonyesho ni ya picha na nyaraka, kwa Kijerumani na Kiingereza, na yanawaonyesha watendaji: makarani, maofisa, madereva, watu wa kawaida wanaotabasamu mbele ya kamera. Tenga saa mbili. Kisha tembea hadi kwenye kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa wa Ulaya, iliyofunguliwa mwaka 2005 ikiwa na nguzo 2,711 za zege zisizo na jina hata moja. Majina yapo chini ya ardhi, katika chumba cha maelezo, ambamo husomwa moja baada ya jingine pamoja na habari fupi za kila mtu. Kuyasoma yote kwa namna hiyo kungechukua zaidi ya miaka 6. Wageni wengi hupita kati ya nguzo na kuondoka bila kujua kwamba chumba hicho kipo. Usiwe mmoja wao.

Jioni pitia Bebelplatz, uangalie kioo kilichowekwa ardhini. Chini yake kuna rafu nyeupe tupu, zenye nafasi ya vitabu kama 20,000, kwa kumbukumbu ya vitabu vilivyochomwa hapo tarehe 10 Mei 1933.

6. Siku ya polisi wa siri. Filamu ni *Das Leben der Anderen* ya mwaka 2006, na mahali ni makao makuu yenyewe ya Stasi, yaani polisi hao wa siri. Shuka kituo cha U-Bahn, yaani treni ya chini ya ardhi, cha Magdalenenstraße. Ofisi ya waziri Erich Mielke imeachwa na samani zake, na katika vyumba vingine utaona kamera iliyofichwa ndani ya chombo cha kumwagilia maua. Mwaka 1989 idara hii ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000, mbali na watoa habari wa siri ambao idadi yao ilikuwa kubwa zaidi.

Hapa maonyesho yana kazi muhimu ya kuisahihisha filamu. Filamu inamwonyesha ofisa anayeguswa moyo na kumlinda mtu aliyetumwa kumchunguza. Mkurugenzi wa wakati ule wa kumbukumbu ya gereza la Hohenschönhausen alikataa kuruhusu picha zipigwe gerezani humo kwa sababu hiyohiyo, akisema ofisa wa namna hiyo hakuwahi kuwepo. Mimi naiona kuwa filamu nzuri sana, lakini usiitumie kama ushahidi.

7. Siku ya ukoloni: hapa historia ya Ujerumani inakutana na yetu. Waongoza watalii wengi huiruka siku hii, nami nakusihi usiiruke. Anzia Wilhelmstraße 92, ambapo kuna bango la kumbukumbu kati ya majengo ya kawaida ya makazi. Hapo lilikuwapo jumba la Bismarck, kansela wa Ujerumani, na humo ndimo wajumbe walimokaa kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885 wakijadili Afrika bila Mwafrika hata mmoja mezani. Kesho yake, tarehe 27 Februari, mkoloni wa Kijerumani Carl Peters akapewa hati ya ulinzi ya mfalme kwa ajili ya ardhi aliyodai kuipata kwa mikataba bara ya Tanganyika. Kutoka kwenye karatasi hiyo ilianza safari iliyofika kwenye vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na hadi Songea, ambako Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha tarehe 1 Novemba 2023.

Kisha nenda Makumbusho ya Historia ya Asili, Invalidenstraße. Mifupa ya dinosaria mrefu kuliko wote waliosimamishwa duniani, zaidi ya mita 13, ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini. Simama chini ya shingo yake, kisha uzihesabu siku za mpagazi mwenye mfupa begani.

Alasiri panda U8 ushuke Rosenthaler Platz, utembee hadi Brunnenstraße 193, na uangalie chini. Hapo pana jiwe dogo la shaba la sentimita 10 kwa 10, moja ya yale mawe yanayoitwa Stolpersteine, ambayo msanii Gunter Demnig alianza kuyaweka mbele ya makazi ya mwisho ya wahanga wa Unazi. Huanza na maneno *Hier wohnte*, yaani "Hapa aliishi". Jina lililoandikwa ni la Mahjub bin Adam Mohamed, anayejulikana pia kama Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la kikoloni la Kijerumani, naye mwenyewe akiwa askari mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza. Alikuja Berlin mwaka 1929 kudai mshahara wake na wa baba yake, akanyimwa. Akabaki, akawa mhudumu katika jumba la starehe pale Potsdamer Platz, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, na akaonekana katika filamu nyingi, pamoja na ile ya propaganda ya mwaka 1941 iliyomtukuza Carl Peters. Mwaka huohuo alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Filamu ya siku hii, basi, ni *Majubs Reise* ya Eva Knopf, ya mwaka 2013, inayomtafuta katika vipande vya filamu za zamani alimosimama nyuma ya waigizaji wakuu. Ukiitazama usiku wa kuamkia, jiwe lile litakuwa na uso. Ukibakiwa na nguvu, panda U6 hadi kituo cha Rehberge, mtaa wa Wedding, ambako sehemu ya barabara iliyokuwa ikiitwa Petersallee ilibadilishwa jina mwaka 2024, na sasa kibao kinasomeka Maji-Maji-Allee.

Makosa ya kuepuka

Usikalie wala kuruka juu ya nguzo za kumbukumbu ya Wayahudi kwa ajili ya picha. Usifanye mzaha wa saluti ya Kinazi popote, hata mbele ya rafiki. Ni kosa la jinai. Usidhani michoro ya East Side Gallery ilikuwapo enzi za ukuta: ilichorwa mwaka 1990, kwani upande wa Mashariki hakuna aliyeruhusiwa kuukaribia ukuta, sembuse kuuchora. Usipoteze muda kutafuta handaki la Hitler. Pana kibao na maegesho ya magari. Na tiketi ya karatasi ya treni igonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, kwa maana faini ni euro 60 na wakaguzi hawasikilizi habari za ugeni.

Ukikwama

*Sijui Kijerumani.* Maonyesho yote niliyoyataja yana maelezo ya Kiingereza. Soma kichwa cha kila sehemu na nyaraka mbili tu, usijaribu kusoma kila ubao.

*Nafasi za Bunge zimekwisha.* Jaribu tena asubuhi na mapema au jioni siku hiyohiyo, kwa kuwa wapo wanaofuta. Ukikosa kabisa, hujapoteza jambo kubwa katika mpango huu.

*Nimezidiwa na huzuni.* Hutokea, hasa siku ya pili. Kaa nje, unywe chai, na kama ulipanga kwenda Sachsenhausen, uahirishe hadi safari nyingine. Kambi hiyo iko Oranienburg, mwendo wa S1 wa kama dakika 45 kutoka katikati ya mji, na haifai kwenda ukiwa umechoka. Watoto wadogo usiwapeleke; wapeleke kwa dinosaria.

*Siwezi kusafiri.* Taasisi ya Goethe ipo Dar es Salaam na Nairobi, na huonyesha filamu za Kijerumani. Ukiwa Tanzania, makumbusho ya Maji Maji yaliyoko Songea na boma la Wajerumani lililoko Bagamoyo yatakupa siku yako ya ukoloni kutoka upande wa pili.

*Jiwe la Brunnenstraße limefubaa na halisomeki.* Shaba huingia weusi kwa mvua na kukanyagwa, na wakazi wa Berlin wana desturi ya kuyasugua mawe haya, hasa tarehe 9 Novemba na 27 Januari. Huhitaji ruhusa ya mtu. Chukua kitambaa, maji kidogo na dawa ya kung'arishia shaba, Brasso ileile tuliyoizoea nyumbani; piga magoti kando ili usiwazuie wapita njia, sugua taratibu kwa duara, futa kwa maji, kisha kausha kwa kitambaa kikavu hadi jina lisomeke.